Saa Niliyoitoa Jaani

Wakati hauonekani kwa macho wala haushikiki kwa mikono. Twaujua kwa alama zake tu: kivuli kifupikacho na kurefuka, maji yajaayo na kupwa, jogoo awikaye alfajiri, na ndege warudio viotani jioni. Kwa sababu hiyo watu wa kila zama wamejitafutia chombo cha kuwaonyesha wakati, na kila chombo kilichoundwa kimebeba ndani yake mawazo ya wale waliokiunda. Mwenye kununua saa hununua pia, bila ya kujua, desturi ya kuhesabu siku aliyokuwa nayo mwundaji wa saa hiyo.

Nataka kuwaeleza wasomaji habari ya saa moja ndogo ya tarakimu niliyoiunda kwa vitu vilivyotupwa. Si saa ya fahari. Ukiipeleka sokoni hutapewa bei ya kilo mbili za sukari. Walakini kazi ya kuiunda ilinifunza mambo mawili yenye manufaa. La kwanza, kitu kilichotupwa si lazima kiwe kimekufa. La pili, mwenye kuunda chombo ndiye mwenye haki ya kuamua chombo hicho kitasema lugha gani. Jambo hili la pili ndilo zito zaidi, lakini halifahamiki vema mpaka la kwanza liwe limeelezwa.

Mwaka 2015 Kenya iliacha mitambo ya zamani ya kurusha televisheni, ikashika ya dijitali. Televisheni nyingi zilizokuwa majumbani hazikuweza kupokea matangazo hayo mapya pasipo msaada, kwa hiyo watu walinunua ving'amuzi. King'amuzi ni kisanduku kidogo, na vingi vya miaka ile vilikuwa na kidirisha cheusi upande wa mbele, na nyuma ya kidirisha hicho tarakimu nne za taa zilizoonyesha namba ya stesheni. Miaka imepita. Baadhi ya ving'amuzi hivyo vimeunguzwa na umeme, vingine vimeingia maji, na vingine vimeachwa kwa kuwa vipya vimetoka. Vyote huishia mahali pamoja na deki za video, redio za zamani na mashine za kuhesabia fedha madukani: mvunguni, stoo, au jaani.

Jaa hilo si dogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 yaeleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kwamba vile vilivyokusanywa na kutumiwa upya kwa njia ifaayo havikufika hata robo. Wazee walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeacha mibacha mingi hata haina mahali pa kuwekwa.

Katika mtaa ninaokaa, Mombasa, yuko fundi wa redio ambaye hatupi kitu. Nyuma ya kibanda chake ana gunia zima la bodi za ving'amuzi na redio zilizokufa. Nilimwuliza kwa nini ahifadhi maiti wengi namna ile. Alicheka, akasema, "Hawa si maiti wote, bwana. Kinachokufa aghalabu ni tumbo, pale panapopokea umeme wa ukutani. Macho huwa mazima." Kwa macho alikuwa na maana ya zile tarakimu za taa. Aliniruhusu nichague, nami nikachagua bodi tatu. Kati ya hizo tatu, mbili zilikuwa na macho mazima kama alivyosema.

Sasa tutazame jicho lenyewe. Tarakimu ya taa ina vijiti saba vya mwanga vilivyopangwa mfano wa nane. Vijiti vyote saba vikiwaka, twaona nane. Kile cha katikati kikizimwa, twaona sifuri. Viwili vya upande wa kulia vikiwaka peke yake, twaona moja. Kikiongezwa cha juu, twaona saba. Kwa vijiti hivyo saba twaweza kuandika tarakimu zote kumi, na hapana hata moja inayofanana na mwenziwe. Mwanafunzi apendaye hesabu na achukue kalamu ajaribu mwenyewe. Ataona jinsi vitu vichache vinavyoweza kusema mengi vikipangwa kwa akili.

Kila kijiti ni diodi itoayo mwanga. Diodi ya kwanza ya namna hiyo iliyotoa mwanga mwekundu uonekanao na macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, kampuni ya Hamilton ilitoa saa ya mkono iitwayo Pulsar, iliyoonyesha wakati kwa tarakimu nyekundu za taa. Ilikuwa ya dhahabu, na bei yake ilikuwa dola 2,100. Taa zake zilikula umeme mwingi hata mwenye saa alilazimika kubonyeza kitufe kila alipotaka kujua wakati, kisha zikazimika tena. Leo taa za jamaa ile ile zaokotwa bure ndani ya gunia. Kilichokuwa johari ya matajiri kimekuwa takataka za maskini, na katika safari hiyo nzima taa yenyewe haikupungua hata chembe ya uwezo wake.

Tarakimu nne zenye vijiti saba na nukta moja kila moja ni taa 32. Mtu angedhani kwamba zahitaji nyaya nyingi kama utumbo wa samaki. Lakini nilipokigeuza kile kioo nikaona miguu kumi na miwili tu. Minane ni ya vijiti na nukta, nayo yatumiwa kwa ushirika na tarakimu zote. Minne iliyobaki ni milango, kila tarakimu na mlango wake. Mlango wa kwanza hufunguliwa, tarakimu ya kwanza ikawaka peke yake. Hufungwa, wa pili ukafunguliwa. Na hivyo hivyo hata wa nne, kisha mzunguko huanza tena. Katika saa yangu kila tarakimu huwaka kwa muda wa sehemu mbili tu za elfu za sekunde. Mzunguko mzima hupita mara 125 katika sekunde moja, na jicho la mwanadamu, kwa uzito wake, laona tarakimu zote nne zikiwaka pamoja bila ya kupepesa. Ukweli ni kwamba hakuna wakati wowote ambapo mbili zinawaka kwa pamoja. Hii ni hila, lakini ni hila njema, maana yatuondolea nyaya ishirini.

Kuujua mguu upi ni wa kijiti kipi hakuhitaji vyombo vya gharama. Nilichukua betri mbili ndogo zenye volti 3 kwa jumla na rezista moja ya omu 330, ambayo kazi yake ni kuzuia mkondo wa umeme usipite kwa wingi ukaunguza taa. Nilishika mguu mmoja kwa waya huu na mwingine kwa waya ule, nikabadilisha mmoja mmoja, na kila kijiti kilipowaka niliandika katika daftari. Kazi hiyo ni ya uvumilivu tu. Ilipokwisha nilikuwa na ramani ya kioo ambacho kiwanda chake sikijui, na ambacho hakuna kitabu kilichofuatana nacho jaani. Tangu saa hiyo kikawa changu, kwa maana ya kweli zaidi kuliko kitu nilichokinunua dukani na kutokijua ndani.

Baada ya macho, saa yahitaji moyo. Moyo wa saa yangu niliutoa katika saa ya ukutani iliyoanguka ikavunjika mishale. Ndani yake mlikuwa na kibomba cha madini, kidogo mfano wa punje ya mchele, na ndani ya kibomba hicho mna kipande cha jiwe liitwalo kwatzi, kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kwatzi lina tabia ya ajabu: likipitishiwa umeme hutetemeka, na kutetemeka kwake ni kwa kipimo kisichobadilika ila kidogo sana. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton, wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, waliunda saa ya kwanza iliyofuata mtetemo huo, nayo ilikuwa chombo kikubwa cha maabara. Mnamo tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono yenye moyo wa kwatzi. Leo moyo huo umo katika saa za bei rahisi kupita zote.

Kipande changu cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 katika sekunde moja. Namba hii haikuchaguliwa ovyo. Igawe kwa mbili, utapata 16,384. Igawe tena, utapata 8,192. Endelea kugawa hata utimize mara kumi na tano, nawe utafika kwenye moja kamili pasipo baki. Hivyo mashine iwezayo kazi moja tu, kugawa kwa mbili, yaweza kuitoa sekunde kutoka katika mtetemo usioonekana. Sekunde 60 zikitimia ni dakika. Dakika 60 zikitimia ni saa. Na sekunde 86,400 zikitimia, mchana na usiku vimekwisha kupita. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba yenyewe ni ndogo hata sikio halisikii wala mkono hauihisi.

Kazi ya kugawa, kuhesabu na kufungua ile milango minne niliipa chipu moja ndogo ipokeayo maagizo kutoka kwenye kompyuta. Chipu hiyo ndiyo kitu pekee nilichokinunua. Vingine vyote, yaani rezista, nyaya, kitufe na hata kidirisha cheusi, vilitoka katika maiti wale wale.

Hapo ndipo nilipofika kwenye swali ambalo wanunuzi wa saa hawaulizwi. Chipu husubiri kuambiwa. Haijui siku yaanza lini wala saa ya kwanza ni ipi. Yule aandikaye maagizo hana budi kuamua, na mimi nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu jinsi uamuzi huo unavyoweza kumdhuru mtu.

Nina shangazi, mwanamke mzee aishiye katika nyumba yake mwenyewe na asiyependa kusaidiwa pale anapojiweza. Alipewa dawa ya presha ya kumeza mara mbili kwa siku, na juu ya karatasi ya dawa palikuwa pameandikwa kwa kalamu: 8:00 na 20:00. Shangazi ajua kusoma tarakimu. Aliona nane, akameza kidonge saa nane mchana kama alivyoandikiwa. Ile ishirini ilimshinda, maana katika Kiswahili hapana saa ya ishirini. Simu yake ndogo haikumsaidia, kwa kuwa nayo ilisema vile vile kama karatasi. Akahesabu kuwa ni kosa la kalamu, akaiacha. Kwa siku tisa alimeza kidonge kimoja badala ya viwili, hata kichwa kikaanza kumzunguka na jirani akanipigia simu.

Hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya katika jambo lile. Mwandishi aliandika kwa desturi ya kazi yake, na msomaji alisoma kwa desturi ya lugha yake. Katikati ya desturi mbili hizo kidonge cha pili kilipotea. Nilipomweleza shangazi kwamba nane ile ni saa mbili asubuhi na ishirini ni saa mbili usiku, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, basi kwa nini hawakuandika mbili?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jambo hili lafaa kufikiriwa na kila mwanafunzi asemaye Kiswahili, maana tumelizoea hata hatulioni tena. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja ya mchana imekwisha kupita ndipo tusemapo saa moja. Hesabu hii si ya ujinga wala si ya kubahatisha. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, jua ni saa aminifu: hapa Mombasa tofauti kati ya siku ambayo jua huwahi sana kuchomoza na siku ambayo huchelewa sana ni kama nusu saa tu katika mwaka mzima. Huko London tofauti hiyo ni zaidi ya saa tatu kwa mishale ya saa zao. Mtu wa London hawezi kuanza hesabu yake mawio, kwa sababu mawio yenyewe hayatulii. Kwa hiyo huanza usiku wa manane. Kila mmoja amehesabu kwa busara kwa kufuata mbingu iliyo juu yake. Wahabeshi nao huhesabu kama sisi. Hata katika Injili, wale vibarua walioajiriwa shambani saa ya kumi na moja waliajiriwa jioni, na msomaji wa Kiswahili hufahamu mara moja kwamba jua lilikuwa karibu kuchwa.

Zamani saa ya mishale ilituvumilia. Katika uso wa mviringo, saba hutazamana na moja, nane hutazamana na mbili, na kumi na mbili hutazamana na sita. Mshale mfupi ukielekea saba, Mswahili alitazama mkia wake upande wa pili akasema saa moja, bila ya kujumlisha wala kutoa. Saa moja iliyotundikwa ukutani ilisema na watu wa desturi mbili, kila mmoja akasikia lugha yake. Saa ya tarakimu ilipokuja iliuondoa mviringo ule. Haina upande wa pili wa kutazamia. Yasema 8:00 na kunyamaza, na asiyeijua desturi yake hana pa kushika. Tena iandikapo 20:00 huongeza fumbo juu ya fumbo. Chombo kilichosifiwa kwa kurahisisha kusoma wakati kimewazidishia ugumu watu wa namna ya shangazi yangu, na hakuna aliyewauliza.

Madhali chipu ilikuwa ikinisubiri mimi, niliiagiza ihesabu kwa Kiswahili. Saa kumi na mbili kamili alfajiri yaandika 12:00. Saa moja ikifika huandika 1:00, na huendelea hata 12:00 ya jioni. Palibaki shida moja: saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku huandikwa sawa. Nilichukua ile nukta iliyo pembeni mwa tarakimu ya mwisho, ambayo katika king'amuzi haikuwa na kazi, nikaiagiza iwake tangu saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili alfajiri. Nukta ikiwaka ni usiku. Ikizimika ni mchana. Shangazi aliifahamu kabla sijamaliza kumweleza, akaiita nyota.

Rafiki yangu mmoja alinipinga. Alisema, "Wawafungia watu katika nyumba yao. Tiketi ya treni ya Nairobi haiandikwi kwa Kiswahili, wala mtihani wa taifa hauanzi kwa saa ya shangazi yako." Neno lake lilikuwa na haki. Mtu asiyeijua saa ya tiketi ataachwa na treni, na treni haimngoji mwenye hoja nzuri. Kwa hiyo niliongeza kitufe kimoja ubavuni mwa saa. Kikibonyezwa, tarakimu hubadilika kwa muda wa sekunde tano zikaonyesha saa iandikwayo kwenye tiketi, kisha hurudi kwenye Kiswahili. Shangazi amekitumia kitufe hicho kulinganisha karatasi zake za dawa, na kwa njia hiyo amejifunza hesabu ya sita ambayo hakuna aliyemfunza. Lakini mwenyeji wa saa ni Kiswahili, na ile nyingine ni mgeni aitwaye anapohitajiwa. Katika vyombo vyote vya dukani nilivyoviona, mambo ni kinyume cha hivyo.

Nilitengeneza sanduku la saa kwa kipande cha mbao, nikaweka mbele kile kidirisha cheusi cha king'amuzi ili mwanga wa mchana usizifiche taa. Ndani nilitia betri bapa mfano wa sarafu. Umeme ukikatika, taa huzimika, lakini kwatzi huendelea kutetemeka na chipu kuhesabu. Umeme urudipo, saa haiulizi mtu. Kipande cha kwatzi cha kawaida chaweza kukosea kwa sekunde mbili hivi kwa siku, yaani kama dakika moja kwa mwezi, na kwa ajili hiyo huirekebisha kila mwisho wa mwezi.

Hapa sina budi kuwaonya vijana ambao huenda wakatamani kwenda jaani kesho. Macho ya king'amuzi hayana hatari, lakini tumbo lake linayo. Chombo chochote kilichokuwa kikitumia umeme wa ukutani kisifunguliwe kikiwa kimeunganishwa, na hata kikiisha kuchomolewa, kapasita zake zaweza kuweka umeme kwa muda. Jiko la maikrowevu ni baya kupita vyote. Kapasita yake hubeba maelfu ya volti, nayo imeua mafundi wenye ujuzi. Mwanafunzi asilifungue kamwe, hata kama tarakimu zake zapendeza. Televisheni za zamani zenye kioo kinene nazo ziachwe. Risasi ya kulehemia ni sumu, basi dirisha liwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kula. Tena asiwepo mtu wa kuchoma nyaya ili apate shaba, kwa kuwa moshi wa nyaya huingia katika mapafu ya mchomaji na ya watoto wa jirani, na hautoki. Jambo la mwisho, mwanzo uwe chini ya fundi. Mimi nilikaa kando ya fundi wetu kwa wiki nyingi nikiyatazama mabano ya vidole vyake kabla ya kushika chuma cha kulehemia mwenyewe.

Saa sasa iko juu ya meza ya shangazi, karibu na mtungi wa maji. Macho yake ni dhaifu, lakini tarakimu nyekundu azisoma kutoka kitandani pasipo kuwasha taa. Humeza kidonge saa mbili nyota ikiwa imezimika, na saa mbili nyota ikiwa inawaka. Presha yake imeshuka, na daktari amepunguza dawa. Sijui ni sehemu gani ya shukrani iliyo haki ya saa na ni sehemu gani iliyo haki ya dawa. Najua tu kwamba dawa isiyomezwa haiponyi. Amepata na faida nyingine ambayo sikuitazamia. Kijana amleteaye maziwa, aliyezoea kufika apendavyo na kusema kuwa ndiyo kwanza saa moja, sasa huonyeshwa sanduku lile kwa kidole bila ya neno, naye huanza kuomba radhi akiwa bado mlangoni.

Wako watu watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Naam, ni dogo. Lakini vyombo vinavyotuzunguka vinazidi kila mwaka, na karibu vyote vimekwisha kuagizwa na watu wa mbali jinsi ya kusema nasi. Wengi wao ni watu wema na wenye akili. Kosa lao ni kwamba hawakuketi na shangazi zetu. Asiyejua kilichomo ndani ya chombo hana ila kukitii. Ajuaye, hata kwa kiasi kidogo, aweza kukiambia, "La, katika nyumba hii twahesabu hivi," na chombo kikasikia. Ujuzi huo hauuzwi kwa dola 2,100, wala hauhitaji kiwanda. Huanza kwa betri mbili, waya, daftari, na moyo usiodharau kilichotupwa. Vijana wanaosoma maneno haya watakuwa waundaji wa vyombo vya kesho. Nawaomba, siku watakapoulizwa na chipu iliyo tupu siku yaanza lini, wawe na jibu lao wenyewe.